Upande wa Kivuli

Kutoka Kangole barabara haina haraka na mtu.
Vumbi linatutangulia, linatungoja mbele,
linaingia kwa dirisha lisilofunga
na kukaa kati yetu kama abiria aliyelipa.
Okwalinga anaendesha kwa vidole viwili,
roleksi ya Soroti imepoa mapajani mwake.
"Utapiga nini huku?" ananiuliza.
"Hapa pamebaki pa Mungu na mchwa."

Nimepiga kichuguu chekundu, kirefu kuliko gari;
mto wa mchanga, na nyayo za mbuzi
waliouvuka bila kulowa;
mgunga mmoja, miiba myeupe kama mifupa ya samaki;
mbuni aliyetugeuzia mgongo kwa makusudi kabisa.
Filamu ilikuwa na nafasi thelathini na sita. Zimebaki nne.
Nazibana kama maji ya mwisho kwenye dumu.

Maana sikuja kwa ajili ya mbuni.
Nimekuja na picha ya baba, ya papo kwa papo,
ile iliyojitoa yenyewe mdomoni mwa kamera:
kilima chenye pengo kama la jino lililong'oka,
uwanda mkavu, na mbele, chini kabisa,
kivuli chake mwenyewe, kofia na viwiko,
kimelala juu ya changarawe
kikielekea kilimani kama kinachotaka kutangulia.
Nyuma ameandika kwa wino wa buluu:
Asubuhi. Leo narudi nyumbani.
Picha ilifika na dereva wa lori la chokaa.
Baba hakufika.
Miaka thelathini na moja mama aliyasoma maneno hayo manne
kama mtu anayehesabu chenji iliyopungua.

Kilima tulikipata saa mbili, jua bado changa.
Nikasimama mashariki yake, mwanga mgongoni,
kivuli changu mbele, kama cha baba.
Nikainua picha, nikafumba jicho:
pengo liko kushoto. Kwa baba liko kulia.
Nikasogea hatua mia. Nikarudi. Nikachutama.
Kilima kikakataa katakata.

Ndipo akaja Nachap, mvunja kokoto wa kandokando ya barabara,
nyundo begani, makatambuga miguuni,
akaichukua picha bila kuomba.
Akacheka. Akamwambia Okwalinga jambo,
na Kiteso cha huyu na lugha ya yule vikakutana katikati
kama binamu waliogombana wakasahau sababu.

"Anasema umesimama mgongoni kwake.
Hii imepigwa toka ng'ambo, jua likishuka.
Anasema anavunja mawe hapa kila siku,
anajua kivuli kinalala wapi saa ya kulipwa."

"Mwambie nyuma imeandikwa asubuhi."

Nachap akaigeuza, akayatazama maandishi
asiyoyasoma, akaigeuza tena.

"Anasema wino hauna jua."

Alitaka picha yake, na nyundo ionekane.
Nikampiga. Akaniambia jina la kilima mara mbili,
mara zote mbili likaniponyoka.

Tukazunguka. Tukangoja chini ya gari
joto likitukaanga kama dagaa.
Kufika saa kumi na moja pengo likahamia kulia,
taratibu, kama mzee anayejisogeza kwenye benchi,
na kivuli changu kikaanza kurefuka,
kikagusa jiwe, kikalivuka, kikaenda.

Basi alikuwa hapa jioni.
Akaandika asubuhi.
Kati ya picha na wino umelala usiku mzima
ambao hakuna aliyeupiga,
na mama, siku zote hizo,
alikuwa akiisubiri siku isiyo yenyewe.

Nikabonyeza mara moja.
Nikatoa daftari, nikaandika: Jioni.
Nikaacha hapo.
Habari za kurudi nyumbani nilimwachia Okwalinga,
aliyekuwa tayari anazunguka gari
akiyapiga mateke magurudumu, moja moja,
akisikiliza.